Mti Kinywani mwa Gaju

Ng'ombe alikuwa amelalia ubavu wa kulia, miguu imekakamaa, tumbo limefura mpaka mguu mmoja wa nyuma ukabaki unaning'inia hewani. Inspekta Bonaventure Kashindi alimzunguka bila kugusa kitu. Kisha akamzunguka tena, safari hii akianzia upande wa pili, maana jicho likizoea njia moja huona kitu kimoja.

"Angalia kinywa," alisema Modeste, kapita au msimamizi wa kijiji, ndiye aliyetuma habari Uvira asubuhi ile. "Amefunga muti."

Kweli. Kijiti kinene kama kidole gumba kilikuwa kimelazwa kati ya meno kama lijamu, na kamba zake zimepitishwa nyuma ya pembe, zikafungwa kwa fundo bapa lenye masikio mawili. Mdomo na kidevu vilikuwa na uwekundu uliokauka, nzi wamejaa. Na ubavuni kushoto, kwenye bonde lililo nyuma ya mbavu na mbele ya nyonga, kulikuwa na tundu la kisu.

"Amefunga kinywa ili isilie," Modeste aliendelea. "Ameinywesha sumu, haikufa upesi. Njo akachoma kisu. Muntu anayeua ng'ombe moja mara tatu, huyo si muntu tena. Ni mulozi."

"Nani alimkamata?"

"Minye mwenyewe. Nilimukuta amepiga magoti hapa, kisu mukononi. Hakukimbia."

"Juu ya nini hakukimbia?"

 Swali hilo Modeste hakuwa amejiuliza.

Aliyekamatwa alikuwa Onesphore, mkulima wa mpunga hapo karibu na Sange. Walimfunga kwenye gurudumu la kamyo ya jeshi. Kivulini mwa kamyo hiyo, juu ya kreti tupu ya bia, alikaa Luteni Léopold, kofia imeshuka machoni. Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa sita tangu uhuru. Waasi walikuwa wamefukuzwa Uvira wakapanda milimani, na askari waliobaki bondeni walikuwa wakilishwa ng'ombe wa wenyeji. Kwa Luteni, mtu aliyeua ng'ombe alikuwa amewasaidia waasi, na waliopakiwa kwenye kamyo ile kwa kosa hilo hakuna aliyewahi kuwaona wakirudi.

"Uko na muda mpaka vijana wangu wamalize kula," alisema Luteni.

"Wanapika nini?"

"Maharagwe."

"Basi niko na muda."

Askari mmoja alicheka, akanyamaza alipotazamwa.

Kashindi alichuchumaa mbele ya mfungwa. Onesphore alikuwa mtu mfupi, mwenye viatu vya tairi miguuni na tope la mfereji mpaka magotini.

"Kisu ni chako?"

"Njo changu."

"Tundu ulilitoboa weye?"

"Ni minye."

"Juzi ulisema mbele ya watu kwamba utaikomesha hii ng'ombe ya mzee Sebagenzi."

"Nilisema. Ilikanyaga mupunga wangu. Ingekanyaga wako, ungeimba?"

"Basi ukaikomesha."

"Hapana. Nilikuta inakufa." Onesphore alipitisha ulimi kwenye midomo mikavu. "Bwana inspekta, ng'ombe inabeua siku nzima na muntu hasikii. Inakula, inacheua, inabeua. Majani inachacha mu tumbo kubwa, inazaa hewa, na hewa ile njia yake ni kinywa. Siku ikikosa njia, tumbo linapanda. Linasukuma mapafu mpaka pumzi inakosa pa kukaa. Nilitumika na Wabelgiji kwa ng'ombe zao, hapa hapa. Daktari wao alikuwa na chuma yenye bomba. Minye niko na kisu tu."

"Hewa ilitoka?"

Onesphore aliinamisha kichwa. "Ilitoka povu. Kidogo. Halafu tundu likaziba."

"Nani alikusaidia?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Ng'ombe anayekosa pumzi hatulii. Mmoja anashika pembe, mwingine anafunga mti. Uko na mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi kuna mtu umemsahau."

"Nilikuwa peke yangu, bwana inspekta," alisema Onesphore, na safari hii alisema polepole, kama mtu anayetia komeo mlangoni.

Kashindi alirudi kwa ng'ombe. Alikwangua uwekundu wa kidevuni kwa ukucha, akausugua kati ya vidole viwili, akanusa. Haukuwa damu. Damu iliyokauka huvunjika kama unga, huu uliteleza. Yalikuwa mawese, mafuta yale yale yanayopikiwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika kila nyumba kutoka Sange hadi Makobola. Chupa yenyewe aliikuta majanini, hatua chache kutoka pale, kizibo kimefungwa vizuri. Muuaji hana desturi ya kuziba chupa.

"Sumu inaweza kulala ndani ya mafuta," alisema Luteni bila kuinuka.

"Inaweza," alijibu Kashindi. Hakupenda kubisha kabla ya kumaliza kutazama.

"Na kuna nyayo kule mferejini," Modeste aliongeza. "Nyayo za muntu."

"Nitaziangalia."

Mwenye ng'ombe, mzee Sebagenzi, alikuwa amekaa peke yake juu ya ukuta uliobomoka wa birika la kunyweshea mifugo. Alivaa koti zito na kofia, jua likiwa kali vile, na mgongo wake ulikuwa umeelekea kwa watu. Uso aliuelekeza milimani. Alikuwa ameshuka kutoka nyanda za juu na mkewe na ng'ombe wachache waliobaki. Ng'ombe wengine waasi waliwachukua, na pamoja nao wakamchukua mwanawe wa pekee ili awachungie.

"Pole, mzee."

"Ahsante."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kanisani, kwa maombi. Muchungaji atakuambia."

"Onesphore ni adui yako?"

"Alinipa mahali pa kulala wakati sikuwa na mahali."

"Basi umtetee."

Mzee hakugeuka. "Sijui kilichotokea."

"Umefuga tangu utoto, mzee. Ukiona ng'ombe imefungwa mti kinywani, hujui ni wa nini?"

Kidole gumba cha Sebagenzi kilipita juu ya fimbo yake, kikarudi. "Ng'ombe yangu Gaju ilikuwa na hamu ya majani," alisema. "Tangu tushuke, jioni inasimama inaangalia mulima. Inaangalia mpaka inasahau kucheua. Zaidi ya hapo, sijui."

Kashindi aliondoka akifuata alama za kwato. Zilimpeleka kwenye shamba la zamani la majaribio, mahali ambapo Wabelgiji walipanda chakula cha ng'ombe wao wa maziwa kabla ya kuondoka. Nyumba zilikuwa zimeng'olewa mabati na milango, lakini majani yalibaki. Wenyeji waliyaita majani ya Muzungu: mafupi, laini, yenye vijani vitatu vitatu na maua ya zambarau. Kila kitu bondeni kilikuwa kimekauka, ila hayo yalikuwa mabichi kwa sababu mfereji uliofunguliwa kwa mpunga wa Onesphore ulivujia humo. Chini ya kivuli cha ukuta umande ulikuwa haujakauka bado.

Kwenye tope la kuingilia alisimama muda mrefu. Kulikuwa na nyayo za mtu, peku, ndefu, zenye vidole vilivyotawanyika kama vya mtu aliyezoea miteremko. Onesphore alivaa viatu vya tairi. Na jambo la pili: kwato zilikuwa zimekanyaga juu ya nyayo, si nyayo juu ya kwato. Mtu alitangulia, ng'ombe akafuata. Mwizi humsukuma ng'ombe mbele yake. Anayefuatwa bila kamba ni mtu ambaye ng'ombe anamjua kwa sauti. Nyuma ya kwato kubwa zilikuwapo ndogo, za mtamba.

Akageuka, akaenda kwa Sebagenzi.

Nyumba ilikuwa kibanda cha matete nyuma ya mpunga. Mama Nyirabagenzi, mke wa mzee, alikuwa nyuma ya kibanda akisugua ubavu wa kushoto wa mtamba mwekundu aliyefungwa kwenye kichuguu, miguu ya mbele juu, ya nyuma chini. Mama huyo hakushtuka. Aliendelea kusugua. Mtamba alinyoosha shingo, koo likatetemeka, akabeua mbweu ndefu yenye harufu ya majani mabichi yaliyochacha.

"Hiyo njo nataka," mama akamwambia mtamba. "Ongeza."

Kidevu cha mtamba kilikuwa chekundu kwa mawese.

"Mtoto wa Gaju?" aliuliza Kashindi.

"Njo yeye. Alikula kidogo. Mama yake alikula sana."

Chini palikuwa na kijiti kilichotafunwa, na kamba yake. Kashindi akakiokota. "Huu mti unafanya nini?"

"Unaweka mu kinywa, ng'ombe inatafuna, inatafuna, mate inashuka, koo inafunguka. Hewa inapata njia."

"Nani alimfunga huyu?"

"Minye."

"Nifungie nione."

Alichukua kamba. Vidole vyake vilizunguka mara mbili, vikavuta, vikatoa fundo la kawaida, kama la kufungia kuni. Kashindi alilitazama, kisha akatazama kamba nyingine iliyobaki kwenye pembe ya mtamba: fundo bapa lenye masikio mawili, ndugu wa lile aliloliona kwa Gaju.  Akafungua fundo la mama, akamrudishia kamba.

Ukutani, juu ya ubao safi, vilipangwa vyombo vya mti vya maziwa, vile wanavyoviita ibyansi, kila kimoja na kifuniko cha kusuka. Kimoja kilikuwa peke yake mlangoni. Kifuniko kilikuwa pembeni, na ndani kuta zilikuwa bado nyeupe kwa maziwa mabichi.

"Hiki cha nani?"

"Cha mutoto wangu, Twizerimana. Waasi walimubeba na ng'ombe zetu. Kila jioni namutilia maziwa. Asubuhi naimwagia ndama."

"Leo umemwagia ndama?"

Mama aliweka kiganja juu ya mdomo wa chombo kile, kama mtu anayefunika moto usionekane.  Mtamba akabeua tena.

"Weye, bwana inspekta," alisema hatimaye, "kwako kuna nani?"

"Muke wangu alivuka ziwa wakati wa vita. Agnès. Hajarudi."

"Unamuwekea chakula?"

"Mwaka wa kwanza nilimuwekea."

"Halafu?"

"Halafu nikaanza kukila mwenyewe."

Mama alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mutoto yule, minye nilikuwa mugonjwa, maziwa ikakatika. Mama ya Gaju njo alimulea. Na Gaju alizaliwa mu mikono yake. Sisi mu hii nyumba hatuli nyama ya kizazi kile. Ingekuwa kula ndugu." Akaokota kifuniko, akakizungusha. "Kule juu, majani yenye umande njo zawadi. Muntu akipenda ng'ombe yake, anaamuka mbele ya jua, anaiita, anaipeleka penye umande. Anakuta imekonda, mifupa tupu, anafanya nini? Nani angejua majani ya Muzungu iko tofauti?"

"Mtu huyo..." Kashindi alianza.

"Mulima iko mukubwa, bwana inspekta."

"Usiniambie," alisema Kashindi. "Sikukuuliza."

Alirudi kwa njia ile ile. Kwenye mfereji alisimama tena penye nyayo. Upande wa juu palikuwa na kizuizi cha udongo na mawe kilichozuia maji yasimwagike shambani. Kashindi alitazama nyuma, akakunja suruali, akapiga kizuizi teke mara kadhaa mpaka kikabomoka. Maji yalijaa polepole, ya rangi ya chai ya maziwa, yakapanda juu ya kwato, juu ya vidole vilivyotawanyika. Alisubiri mpaka tope lote likawa kidimbwi. Kisha akafuta miguu, akashusha suruali, akaenda kwa Luteni.

"Nataka ng'ombe ipasuliwe," alisema.

Askari mpishi alikuja na kisu chake. Alipopasua tumbo kubwa, watu walitazamia hewa iruke na kunuka. Badala yake lilitoka povu. Povu la kijani, zito, lenye mapovu madogo yaliyoshikana kama sabuni iliyopigwa, likapanda juu ya mikono ya mpishi na halikuisha. Kashindi alilichota kwa kipande cha jani la mgomba akaliweka mbele ya kreti ya Luteni. Likakaa vile vile.

"Majani ya Muzungu yakiliwa mabichi, kwa njaa, yanapika povu," alisema. "Hewa imo ndani, lakini imefungwa katika vyumba vidogo elfu. Ng'ombe hawezi kuibeua. Onesphore akamtia mti mdomoni ili atafune, koo lifunguke. Ikashindikana. Akammiminia mafuta, maana mafuta huvunja povu. Yakachelewa. Mwisho ni kisu, mahali pale pale ambapo daktari hutoboa. Mtu anayetaka kuua huchoma koo au moyo. Luteni, vitu vyote vitatu ni dawa."

"Maneno."

"Mleteni mtamba wa Sebagenzi."

Wakamleta. Kashindi alionyesha kidevu. "Mawese ya chupa ile ile. Kama ni sumu, huyu anatembeaje?"

Mtamba alisimama mbele ya Luteni Léopold, akamtazama, akanyoosha shingo, akambeulia usoni. Askari waliangua kicheko, hata mpishi.

"Shahidi ameapa," alisema mmoja.

Luteni alipunga harufu kwa kofia. Hakucheka, lakini bega lake lilishuka kidogo. "Na nani aliipeleka mu yale majani?"

"Njaa."

"Njaa haina miguu."

"Kiangazi hiki inayo, Luteni. Ilishuka nayo kutoka milimani."

"Kapita anasema kuna nyayo." Akamtuma askari. Kashindi alisimama akiangalia povu. Sebagenzi, juu ya ukuta wake, alikuwa amegeuka sasa. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya fimbo. Askari alirudi viatu vikichuruzika.

"Iko maji tupu, Luteni."

Modeste alikunja uso. "Asubuhi ilikuwa kavu."

"Mifereji ya Wabelgiji inazeeka," alisema Kashindi.

Luteni alimtazama muda mrefu. Alikuwa kijana, lakini hakuwa mjinga. "Vizuri. Si sumu. Kama si sumu, hii ni nyama, na vijana wangu wamechoka maharagwe. Lakini hawatakula wa kwanza."

"Minye nitakula," alisema Onesphore kutoka kwenye gurudumu.

"Weye ungekufa hata hivyo," alisema Luteni.

"Nitakula mimi," alisema Kashindi.

"Hapana. Mwenye ng'ombe. Amekaa pale tangu asubuhi, hashitaki, hatetei. Yeye anajua ilikufa ya nini. Akila, nitajua pia. Akikataa, kamyo inaondoka na huyu, na ninarudi kesho kutafuta miguu ya njaa mu kila nyumba."

Mama Nyirabagenzi, aliyeshika kamba ya mtamba, alisema maneno machache kwa lugha ya nyumbani.  Sebagenzi aliteremka ukutani polepole, akavua kofia.

Mpishi alichoma kipande cha ini juu ya makaa, akakitoa juu ya jani. Mzee alikichukua kwa mkono wa kulia. Aliangalia milima, mahali ambapo njia ya Lemera hupotea kwenye moshi wa mashamba, akakitia kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko kipande kile kilivyohitaji. Kila mtu alimwona akimeza. Kisha akanyoosha mkono kwa mpishi, akaomba cha pili, akakila nacho, asije mtu akasema amejilazimisha.

"Iko muzuri," alisema. "Mukule."

Luteni alitoa ishara. Kamba ikakatwa.

Onesphore alisimama, akasugua vifundo vya mikono.  Askari walipokuwa wakigawana nyama, alikwenda migombani, akarudi na jani pana, akakifunika kichwa cha Gaju, pembe na yote. Kabla ya kufunika alikuwa ameutoa mti kinywani. Kamba yenye fundo bapa akaikunja, akaitia mfukoni mwake.

Mzee alikuwa amepiga magoti mferejini akisukutua. Aliteka maji, akatema, akateka tena. Kashindi alipopita na baiskeli yake mzee alikuwa bado anateka.

Mlangoni mwa kibanda, mama alikuwa amemaliza kukamua. Chombo cha Twizerimana kilikuwa pale pale, kimejaa, kifuniko juu.

"Mama, hicho kisikae mlangoni. Askari wana macho. Kiweke ndani," alisema Kashindi.

"Akija mwenyewe, atakionaje?"

"Alikulia maziwa ya chombo hicho. Atakitafuta."

Mama alikiinua kwa mikono miwili, asimwage, akaingia nacho. Alipotoka mikono ilikuwa mitupu, na hakujua pa kuiweka.

"Na weye," alisema, "ukifika kwako, weka sahani."

Kashindi aliitikia kwa kichwa, akapanda baiskeli. Nyuma yake mtamba alikuwa amesimama juu ya kichuguu, ameelekeza uso milimani kama mama yake alivyokuwa akifanya. Alilia mara moja, sauti ya chini, akasikiliza. Hakuna aliyeitikia. Ndipo akaanza kucheua, na baada ya kitambo akabeua.